Mutoto Yangu, Sergent ya Ngambo

Siku ya pili, 3 juin

Radio ya tano tangu asubui. Antenne ilivunjika, betri ilivimba, na mavumbi ndani sawa barabara ya Kasomeno. Nilitengeneza. Radio ya sita: haina kintu mubaya. Muntu alisahau tu kuiwasha. Nilicheka peke yangu ku meza.

Kisha patron alikuya. Dossier yangu ilishafika ku service ya usalama. Enquête inaanza, batanichunguza. Ikipita, nitapata badge nyekundu.

Badge nyekundu. Naandika tena juu inanifurahisha: badge nyekundu. Saa hii niko na ya manjano, inafikaka mpaka ku atelier tu, inje ya grillage. Nyekundu njo inafungula mulango ya tour, ule munara ya kiwanja ya ndege. Kule juu kuko radio zenye zinaongeaka na bapilotes. Mi natengenezaka talkie-walkie za bagardiens. Nilichoka na bagardiens. Banasemaka «allô, allô» siku muzima na hakuna mwenye anajibu.

Nilijifunza hii kazi peke yangu. Video ku telefone, na radio za kufa zenye nilikuwa naokota ku soko. Trésor, mwenzangu wa atelier, alisoma ku institut. Ananiambiaka: «Weye Solange, transistor unaijua kwa harufu tu.» Sawa. Pua yangu iko muzuri.

Kesho entretien, nitajibu maulizo yabo. Sina nguo ya entretien. Nitalomba ya mama.

Siku ya tatu, 4 juin

Nilienda. Robe ya mama ilikuwa kubwa, niliifunga na pini ku mugongo. Sikuweza kuegemea kiti.

Enquêteur alisema jina yake mbio sana, sikuikamata. Mi namuita Lunettes, juu anatosha lunettes ku macho na kuzirudisha kila ulizo. Bureau baridi. Ni juin, na yeye anafungula dirisha. Muntu wa namna gani.

Maulizo, nilijibu pa, pa, pa. Ulishaolewa? Hapana. Uko na batoto? Hapana. Famille inje ya inchi? Kidogo nicheke. Nani mu Lubumbashi hana famille ku Zambia? Nilisema mama mukubwa yangu aliolewaka kule, ngambo ya ziwa Mweru, kisha alikufa. Uko na muntu wa famille mu jeshi ya inchi ingine? Hapana.

Aliandika. Polepole, herufi moya moya. Mi miguu ilikuwa inacheza chini ya meza. Aliniuliza kama niko na haraka. Nilisema hapana. Hiyo njo buongo moya tu yenye nilisema leo.

Ilipita muzuri. Ku nyumba nilikula bukari mara mbili.

Siku ya tano, 6 juin

Nakasirika mpaka kalamu inapasua karatasi. Sijue kama nitaweza kusoma hii kesho.

Lunettes alikuya mu quartier. Banafanyaka vile, banauliza majirani. Alianza na Mama Odette, mwenye anauzisha makala ya kupikia mbele ya parcelle yetu. Mama Odette ananipenda. Njo shida.

Alimuambia Lunettes: Solange ni mutoto muzuri, hanywake, haibake, anasali, na iko na batoto batatu ku Zambia, bote bakubwa, wa kwanza iko sergent mu jeshi ya kule.

Nilimufuata pale pale ku makala yake.

«Mama, ulimuambia nini ule bwana?»

«Nilikusifia.»

«Ulinisifia na batoto batatu?»

«Batoto ni baraka. Ulitaka niseme uko tasa?»

Na hakuongopa. Njo mana nashindwa hata kumugombeza.

Naandika vile ilifanyika, niipange mu kichwa, juu Lunettes ataniuliza tu. Mama mukubwa Kunda, mukubwa ya mama yangu, njo ule aliolewaka ngambo. Alizala batoto batatu. Alikufa wakati niko na miaka kenda. Kwetu, muntu akikufa, jina yake haibakie chini. Muntu mumoya wa famille anaikamata, na mwenye anakamata jina anakamata fasi ya marehemu yote. Balinichagula mi. Balinikalisha ku mukeka, balinipakaa bunga ku uso, balinifunga shanga nyeupe ku mukono. Kisha batoto ya marehemu balipiga magoti mbele yangu, bantu bazima, na wa kwanza, Mumba, mwenye alikuwa na ndevu na mutoto wake, alinipigia mikono na kusema «mama». Mi nilikuwa nasikia batoto benzangu inje, banaruka kamba. Nilisimama niende. Mujomba alinirudisha chini: mama ya bantu harukake kamba.

Tangu ile siku niko mama yabo. Haiko muchezo. Mumba ananitumiaka samaki ya kukausha na makamyo ya Kilwa. Ananipigiaka telefone kila siku ya Mungu, siku ya kanisa: «Mama, ulilamuka muzuri?» Iko na miaka makumi ine na mbili. Mwaka yenye ilipita alikuya kunisalimia, alipiga magoti ku mulango ya parcelle, na vumbi yote, mbele ya Mama Odette. Kesho yake alirudia kwabo. Nilimugombeza: mara moya kwa mwaka, na hata haikalake.

Lakini ku bureau, wakati Lunettes aliniuliza, mi nilikuwa Solange. Solange hana mutoto. Kunda nilimuacha ku nyumba. Sikumufichama Mumba. Sikumufikiri tu.

Nani atakubali hiyo?

Siku ya posho, 7 juin

Trésor anajua. Atelier muzima inajua. «Bonjour, mama ya sergent.» «Mama ya sergent, unipatie tournevis.» Aliniuliza kama kuzala muntu wa mètre moya na makumi munane iliniuma. Nilimutupia kipande ya waya. Ilimukosa.

Dossier yake pia iko kule kwa Lunettes. Famille yake yote iko Likasi, hata mbuzi yabo iko Likasi. Atapita na macho ya kufunga.

Siku ya kwanza, 9 juin

Baliniita.

«Mademoiselle, ulisema hauna mutoto.»

«Sina.»

«Jirani anasema uko na batatu. Wa kwanza iko na miaka makumi ine na mbili. Weye uko na makumi mbili na ine.» Alitosha lunettes. «Ulimuzala lini?»

Hakucheka. Nilimuelezea yote, Kunda, mukeka, bunga, shanga, mbio mpaka pumzi ilikwisha. Nilimuonyesha shanga ku mukono. Aliniacha nimalize. Kisha alisema anajua, hata kwabo jina ya bafu inakamatwa, yeye mwenyewe bazee benye banamupita miaka banamuitaka papa.

Alors? Juu ya nini basi tuko hapa? Kidogo nilie.

Alinielezea sawa mwalimu. Kazi yake haiangalie damu. Binamu mwenye hamuongeake, hata akikuwa général, ni bule. Yeye anatafuta kamba. Nani anakupigia. Nani anakutumia bintu. Nani akikulomba kintu, hautaweza kusema hapana. Pale njo muntu wa inje anaweza kukufinya. Na saa hii, na ile vita ya kule Est, mashariki ya inchi, hakuna mukubwa mwenye anatia signature bila kuuliza mara mbili. Kisha alisema ingine, na hiyo njo iliniuma: famille haiharibishake dossier. Kufichama njo kunaharibisha.

«Sikumufichama.»

«Mi naona. Lakini karatasi haione.»

Aliniuliza kama Mumba anaweza kunilomba kintu na mi nikose kumukatalia. Nilisema haiwezekane, mi njo mama, yeye njo hawezi kunikatalia. Nilifikiri nilijibu muzuri. Akaandika. Aliandika murefu. Yesu, nilisema nini.

Nilete déclaration mupya mbele ya tarehe 23. Na safari yoyote ya inje, niseme mbele ya kwenda.

Siku ya pili, 10 juin

Najaza karatasi yabo. «Famille ya inje ya inchi, majina yote.» Balitia mistari ine.

Mistari ine. Ile karatasi ilitengenezwa na muntu mwenye alizaliwa peke yake. Bwana ya marehemu mama mukubwa Kunda, batoto yake batatu, bajukulu kumi na kintu, bandugu ya baba yangu benye balivuka na kazi ya mine na hawakurudi, binti ya shemeji mwenye anauzisha telefone Kitwe. Nilifika ku mugongo ya karatasi. Mama aliangalia juu ya bega yangu, alisema nilisahau Ba Chanda. Ni nani Ba Chanda? Alisema ni shemeji ya kambo yangu, alikufa. Kama alikufa, juu ya nini nimuandike? «Jina yake ilikamatwa,» alisema.

Nilifunga kalamu. Nilienda kulala na viatu.

Siku ya ine, 12 juin

Haiwezi kukuwa kweli.

Mumba alipiga, na haiko hata siku ya Mungu. Binti yake anaolewa. Tarehe 28, kule ngambo. Mi njo kambo, mama ya baba yake. Kambo asipomupakaa bunga, binti hatoke mu nyumba ya baba yake, na ndoa haiko. Binti iko na miaka makumi mbili. Kambo yake iko na makumi mbili na ine, na hana hata fiancé.

Alikuwa na furaha sana. Sauti yake ilikuwa inaruka. Aliniuliza napenda kuku ao mbuzi. Sikumuambia kintu ya Lunettes. Nilisema ndiyo, nitakuya, mbuzi. Mudomo yangu inajibu mbio kuliko kichwa, ku bureau, ku telefone, kila fasi.

Safari ya inje. Ku nyumba ya sergent. Mbele badge haijatoka. Hata adui hangeipanga muzuri hivi.

Siku ya Mungu, 15 juin

Réunion ya famille. Mama, mi, na telefone mu katikati ya meza. Mu telefone: Mujomba Bwalya, kaka ya mama, mukubwa wa famille, iko Kilwa. Réseau ilikuwa inamukatakata sawa nyama.

Mama alisema niandike «binamu». Mumba ni mutoto ya mukubwa yake, ku karatasi ya Bazungu ni binamu, haiko buongo. Kweli haiko buongo. Mu hii famille kila kintu ni kweli, njo inanichokesha.

Mujomba alisema binamu haitoshi, jirani alishasema mama. Yeye iko na namna ingine. Jina inaweza kuhama. Kuko Nadège, mutoto ya mudogo ya mama, miaka munane, iko pale pale Kilwa. Nishuke, nitoshe shanga mbele ya bantu, afungwe Nadège. Yeye njo atavuka kwenda ku ndoa. «Jina haiko gereza,» alisema. «Unabakia Solange. Kazi yako unapata. Hakuna mwenye anakufa.»

Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi sawa muntu mwenye banamutosha kiatu ya kufinya.

Mama alikuwa anachagula maharagi. Telefone ilipokatika, alisema bila kuniangalia: «Mukubwa yangu atakufa mara ya pili.» Kisha alienda kupika.

Na sasa mi njo mubaya. Balinipatia jina bila kuniuliza, niko na miaka kenda, nataka kuruka kamba. Leo nataka kuirudisha, na mi njo mubaya. Maharagi iliungua. Nilikula ya kuungua.

Siku ya pili, 17 juin

Nilipigia Lunettes. Nilimuuliza: kama sina tena jina ya Kunda? Nilisikia upepo ku dirisha yake. Kisha alisema niandike, na siku, na majina ya bale benye balikuwa pale.

«Itasaidia?»

«Itasaidia.»

Basi. Unaona waya yenye inaunguza, unakata. Haikuwe drama. Niliandika déclaration yenye Nadège iko ndani. Muzuri, safi, hakuna kufuta. Nitatia siku nikirudia toka Kilwa.

Trésor alipata badge yake leo. Iko inamuning'inia ku shingo, nyekundu, plastique inangaa. Alipanda tour asubui. Alishuka, alinielezea: dirisha pande zote, unaona ndege mbele ya kuisikia, na radio zinapangwa muzuri sawa sahani. Hakuniita mama ya sergent. Alikuwa ananihurumia. Hiyo ilikuwa mubaya kupita.

Siku ya tano, 20 juin

Nilipaswa kumuambia Mumba mi mwenyewe, Mujomba asinitangulie. Niliandika maneno ku karatasi, nilifunga mulango, nilisoma. Kazi. Badge. Lunettes. Nadège. Hakunikata. Niliangalia telefone, nilifikiri réseau ilikwisha.

Kisha alisema: «Mama, na mi balishaniuliza.»

Sikujua. Hakuniambiaka hata siku moya. Zamani, mi nikiwa na miaka kumi na moya, alilomba kazi ku mashua ya jeshi yabo, pale ku ziwa. Karibu na kwabo, karibu na mi, ili anione kila mwezi. Balimuuliza: uko na famille ku Congo? Aliandika: mama, anaikala Lubumbashi, miaka kumi na moya. Officier alifikiri anamuchekelea. Alimusimamisha inje ku jua. Mangaribi alimupatia karatasi ingine: andika tena. Aliandika tena. Mama. Miaka kumi na moya.

Balimukatalia ziwa. Balimutuma mbali, kule mangaribi ya inchi yabo, siku mbili ya bus. Iko kule mpaka leo. Njo mana anakuyaka mara moya kwa mwaka. Congé yake yote, siku zake za kupumuzika, inaishaka mu bus.

Na mi nilikuwa namugombeza juu ya hiyo.

«Juu ya nini haukuandika binamu?» Nilikuwa napiga makelele, Mama Odette alisikia, kila muntu alisikia.

«Mama yangu ni nani basi?» alisema. Polepole, sawa muntu anauliza saa. Kisha alisema: «Kama jina inakulemea, uitoshe tu, mama. Sitakasirika. Lakini ule Nadège ni mudogo. Utamufundisha vile ya kunigombeza.»

Nilikata telefone. Nakasirika juu hakuniambia. Nakasirika juu aliniambia. Sikukula.

Siku ya posho, 21 juin

Atelier. Radio mbili. Moya niliiunguza. Trésor alisema itengenezwe lundi.

Siku ya kwanza, 23 juin

Asubui nilipasua déclaration ya Nadège. Niliandika ingine ku meza ya mama, na makelele ya redio ya jirani. Batoto: batatu. Majina, miaka, kazi. Wa kwanza: Mumba, sergent. Pale banaandika «lien», weye ni nani kwake, nilitia: mama. Pale banaandika safari: ndoa ya mujukulu yangu, tarehe 28.

Lunettes alisoma. Dirisha iko wazi, ni kawaida yake, nilivaa pull mbili.

«Na ile mambo ya mutoto wa Kilwa?»

«Haiko tena.»

«Unaweza bado kuandika binamu. Hakuna mwenye atasema uliongopa.»

«Najua.»

«Unajua hii itafanya nini ku dossier?»

«Najua, papa.»

Papa ilitoka yenyewe. Hakunirekebisha. Alitia cachet, pa. Nilikuwa ku mulango wakati aliniuliza, bila kuinua macho, kambo wa miaka makumi mbili na ine anavaaka nini ku ndoa. Nilisema kitenge ya mama yake. Alicheka kidogo, kisha alikumbuka fasi yenye iko.

Nilimuambia mama. Alitosha kitenge yake ya muzuri mu valise na kuipiga pasi mara mbili.

Siku ya posho, 28 juin, ngambo

Naandika mbio, bananiita.

Barabara: pneu mbili zilipasuka, tulilala Kasomeno ku benchi ya muntu. Kilwa, mashua. Cachet ya kutoka, cachet ya kuingia. Karatasi zote niko nazo mu soutien, ku kifua, nitamupelekea Lunettes za joto.

Mumba alivaa costume. Uniforme aliiacha mu kambi. Nilimuuliza juu ya nini, siku ya ndoa ya binti yake, uniforme inamupendezaka. Alisema ili kusikuwe na picha yenye itaniletea maneno.

Binti ni murefu. Aliinama sana, na bado nilisimama ku vidole. Bunga ilimuingia mu macho, alicheka, bamama balipiga vigelegele. Wazee bale benye banaweza kunizala balinipisha kiti.

Mujomba alimuleta Nadège. Alikuwa inje na batoto benzake, anaruka kamba. Nilimuangalia kidogo.

Siku ya tatu, 16 juillet

Jibu ilikuya. Badge nyekundu: hapana. «Avis défavorable, juu ya lien ya karibu na muntu wa jeshi ya inchi ingine.» Manjano inabakia, lakini na sharti: kila telefone, kila zawadi, kila safari, nijaze fiche na kuipeleka kwa Lunettes. Naweza kulomba tena kisha miaka mbili.

Nilijua. Na nakasirika hata vile. Sitajidanganya hapa, hakuna mwenye anasoma. Balisema kufichama njo kunaharibisha. Nilisema yote. Sasa balinikatalia juu ya yenye nilisema. Kama ningeandika binamu, leo ningekuwa kule juu, naona ndege mbele ya kuisikia. Nilipiga meza. Vis zote za radio zilitawanyika, nikaziokota na magoti, moya moya, na Trésor alishuka chini ya meza kunisaidia.

Patron alisema nishukuru, bangeweza kukamata na manjano. Nishukuru.

Mama Odette alisema: «Ungeniambia mbele niseme nini.»

Siku ya Mungu, 20 juillet

Mama iko ku kanisa. Baridi imepungua kidogo. Nafua kitenge yake, bunga haitoke muzuri.

Jana Trésor alishusha radio moya ya tour mu kartoni, alisema ilinyamaza, kule juu hakuna meza ya kuifungulia. Nilifanya kazi mpaka saa ya kufunga. Mbele ya kumurudishia, niliiwasha nione. Sauti ya mwanamuke, pilote, anauliza upepo. Balimujibu. Alisema merci. Nilizima, nilimupatia Trésor, alipanda nayo.

Leo Mumba alichelewa kupiga. Iko mu bus, anarudia kule kwake, ya siku mbili. Nilimuuliza kama alikula. Alisema atakula akifika. Muntu wa miaka makumi ine na mbili.

Kisha nilijaza fiche ya Lunettes. Muntu: mutoto. Namna: telefone. Ku fasi ya sababu niliandika: kumugombeza.